Kulisha si kufuga: mwongozo kamili wa kumtunza paka wa nyumbani Amu

Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, hakuna asiyelisha paka. Muuza samaki humtupia utumbo, mla biriani humwachia mfupa, mtoto humkatia mkate wa mofa. Na bado paka wa mji huu wamekonda, macho yana tongo, na mtoto wa paka uliyemwona mwezi jana chini ya daka, kibaraza cha mlangoni, mwezi huu humwoni tena. Paka wa kila mtu hana mwenyewe. Kufuga kunataka awepo mtu mmoja anayejua paka huyu alichanjwa lini, jana alikula nini na leo amekojoa au hakukojoa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mtu huyo.

Neno moja kwa vijana wanaotaka fereti baada ya kumwona kwenye simu. Yule ni mnyama wa ukoo wa kicheche aliyezoea nchi za baridi. Joto likipita nyuzi 30 huanza kuzidiwa, na Machi hapa kwetu hupita hapo karibu kila mchana. Utamfuga ndani ya kiyoyozi, na umeme ukikatika utamzika. Wala usiokote nguchiro mchanga ukadhani umepata badala yake: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuweka mnyama wa porini bila kibali. Paka yuko mlangoni. Tuanze naye.

1. Kumchagua

Usimtoe mtoto kwa mamake kabla ya wiki 8. Maziwa ni sababu moja tu. Ndugu zake na mamake ndio wanaomfundisha kuuma kwa kiasi na kuficha kucha wakati wa mchezo, na anayekosa somo hilo atawachanja watoto wako mikono. Kujua umri, tazama kinywa na macho. Meno ya mbele huanza kuchomoza wiki ya 3, na kufika wiki ya 8 meno ya utoto yote yametimia. Macho huzaliwa na rangi ya buluu, nayo huanza kugeuka karibu na wiki ya 6 au ya 7. Mizani ya samaki nayo inasaidia: mtoto mwenye afya wa miezi miwili hukaribia gramu 900. Akiwa na gramu 500 na umeambiwa ni wa miezi miwili, ama umedanganywa umri ama ana minyoo.

Dume au jike? Inua mkia. Matundu mawili yakikaribiana, na la chini likiwa kama mkato mwembamba, ni jike. Yakiachana, yote mawili ya mviringo, ni dume. Mwenye rangi tatu, yaani mweupe, mweusi na wa machungwa, karibu kila mara ni jike.

Mtoto aliyezaliwa darini na hajashikwa na mtu mpaka amepita miezi mitatu, mwache awe paka wa mtaa. Mlishe, mtibu, lakini usimlazimishe kukaa ndani. Wakati wa paka kuzoea binadamu ni kati ya wiki ya 2 na ya 7, na dirisha hilo likishafungwa, wewe na yeye mtateseka bure.

Kuhusu asili: utasikia kwamba paka wa Amu, mwenye miguu mirefu, shingo nyembamba na masikio makubwa, alikuja na majahazi kutoka Misri ya mafirauni. Ni hadithi tamu, ila usimlipe mtu pesa kwa ajili yake. Kule kusini, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, mwishoni mwa miaka ya 1970 paka wa mabaka ambao Wagiriama waliwaita kadzonzo walichukuliwa wakazalishwa, na leo ni aina inayojulikana duniani kwa jina la Sokoke. Walikuwa paka wa kawaida tu wa pwani hii. Wako naye hahitaji nasaba.

2. Kuitayarisha nyumba

Nyumba ya mawe ya Amu ni nzuri kwa paka: kuta nene, kiwanda (ua wa ndani) chenye hewa, kivuli mchana kutwa. Hatari zake ni tatu. Ya kwanza ni maji. Birika la chooni na kisima cha uani humvuta mtoto wa paka, hasa kama ndani ya birika mmeweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Akitumbukia, kuta laini hazimpi pa kushika. Funika kisima kwa mbao, na ndani ya birika teremsha kipande cha gunia lililofungwa imara juu, apate pa kupandia. Ya pili ni dari: mtoto chini ya miezi minne asiachwe juu bila mtu. Ya tatu ni mtaro wa nje. Malindi adui wa paka ni tuktuk, huku kwetu ni mtaro, pamoja na kila ugonjwa unaopita ndani yake.

Toa sindano, uzi na nyuzi za mshipi wa kuvulia. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia hawezi kuutema, nao huenda kuukunja utumbo. Ukiona uzi unaning'inia kinywani au nyuma usiuvute. Mpeleke kwa daktari ulivyo.

3. Siku za mwanzo

Mweke katika chumba kimoja, si nyumba nzima. Chakula pembe moja, choo pembe nyingine, na boksi lenye kanga kuukuu la kujificha. Atakaa uvunguni siku mbili tatu. Mwache. Kaa sakafuni ufanye shughuli zako, zungumza kwa sauti ya chini, na chakula kitoke mkononi mwako. Akianza kuja mwenyewe kukusugua mguu, mfungulie chumba cha pili. Watoto wa nyumba waambiwe mapema kwamba paka habebwi kwa shingo wala hakimbizwi akiwa chooni. Kama kuna paka mwingine, wanusishane kwanza kwa kubadilishana matandiko, ndipo waonane.

4. Chakula

Hapa ndipo Amu tunapokosea zaidi, kwa kuwa samaki ni wengi tunadhani kazi imekwisha.

Paka ni mla nyama wa kweli. Mwili wake hauwezi kujitengenezea kirutubishi kiitwacho taurini cha kutosha, na akikikosa kwa miezi moyo hulegea na macho huanza kufa. Taurini imo katika nyama, moyo wa kuku na samaki. Katika ugali, wali na mkate haimo. Kwa kuwa huyeyuka katika maji, ile supu uliyochemshia mpe, usiimwage.

Sasa samaki. Baadhi yao wakiliwa wabichi kila siku wana kimeng'enya kinachoivunja vitamini B1, na paka huanza kuyumba, kichwa kikainamia kifuani, mwisho degedege. Chemsha, kimeng'enya hicho kinakufa. Jodari na samaki aitwaye simu, wenye mafuta mengi, wakiwa ndio chakula pekee humaliza vitamini E mwilini; mafuta yaliyo chini ya ngozi huvimba, na paka aliyekuwa akipenda kupapaswa mgongo hulia ukimgusa. Halafu jodari au nguru aliyelala juani tangu asubuhi hujaa histamini, na hiyo haiondoki hata ukipika mpaka usiku. Kama wewe mwenyewe hungemla, usimpe paka kwa kuwa tu ni paka. Bunju je? Wavuvi humtupa ufukweni, na sumu yake humwua paka kama inavyomwua mtu. Ukimkuta karibu na nyumba, mfukie.

Kwa paka mzima wa kilo 4, gramu 200 hivi za samaki mweupe au kuku wa kuchemshwa kwa siku zinamtosha asipokula kingine, ukizigawa milo miwili. Changu, tasi na kolekole wanafaa sana. Chambua mifupa yote, kwani mfupa uliopikwa hukatika ncha kali. Badilisha siku: leo samaki, kesho shingo na firigisi za kuku zilizochambuliwa, keshokutwa moyo. Ini mara moja kwa wiki, basi, kwa sababu vitamini A yake ikizidi huharibu mifupa. Lakini nyama bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha, na mtoto anayekua kwa minofu mitupu miguu yake hupinda. Ndiyo maana nashauri chakula cha pakiti cha paka kiwe angalau nusu ya anachokula, na kwa mtoto chini ya miezi sita kiwe kingi zaidi, kwa milo minne midogo. Soma pakiti: iwe ya paka. Ya mbwa haina taurini ya kumtosha.

Kusi likivuma na bahari ikachafuka, samaki huadimika na bei kupanda. Jiandae na dagaa wakavu. Waloweke usiku kucha, mwaga yale maji ya chumvi, kisha wachemshe. Yai la kuchemsha nalo linafaa.

Usimpe mchuzi wa jana. Una kitunguu maji na kitunguu thomu, na vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Chokoleti na zabibu pia hapana. Maziwa ya ng'ombe humharisha paka mzima, ingawa atayaramba kwa furaha na kukuangalia akitaka tena.

Maji yawe yale unayokunywa wewe, si ya kisima chenye chumvi. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 kwa siku, zikiwemo zile zilizo ndani ya chakula. Weka bakuli mbali na chakula na mbali na choo. Na akiramba maji ya udhu usihangaike: hadithi ya Abu Qatada kwamba paka si najisi kila aliyepita chuoni anaijua.

5. Choo

Karai pana lenye kina cha vidole vinne, mchanga mkavu ndani, mahali pa utulivu. Mchanga wa ufukweni una chumvi na unyevu. Uoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, uanike mpaka ukauke kabisa. Usichote kwenye vilima vya Shela, maana hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji tunayokunywa mji mzima. Ukiwa jirani na mafundi wa majahazi, vumbi la mbao ni jepesi na hunyonya harufu vizuri, mradi si la mbao zilizopakwa dawa.

Zoa kila siku, fukia au funga mfukoni, usitupe mtaroni. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyohofiwa kwa wajawazito, vikitoka na kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayezoa kila siku huwa amevitangulia. Mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka. Aachie mwingine kazi ya karai, na anawe mikono baada ya kushika nyama mbichi au udongo.

Paka akianza kukojoa nje ya karai, kwanza tazama kama ni chafu. Kama ni safi, tafuta ugonjwa kabla ya kutafuta fimbo.

6. Minyoo, chanjo, viroboto

Minyoo kwanza. Mtoto huipata kwa maziwa ya mamake, hivyo dawa huanza akiwa na wiki 2 au 3, hurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Baada ya hapo kila miezi mitatu kwa paka anayetoka nje. Dawa ipimwe kwa uzito, na iwe ya paka: albendazole tunazomeza sisi inaweza kumharibia uboho.

Chanjo ni mbili za lazima. Ile ya magonjwa matatu kwa pamoja, yaani panlukopenia na mafua mawili ya paka, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Panlukopenia ndiyo inayofagia watoto wa paka wa mtaa mzima kwa wiki moja, na watu wakasema wamelishwa sumu. Ya pili ni ya kichaa cha mbwa, kuanzia wiki ya 12, ikarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Andika tarehe daftarini. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti lini chanjo zitakuwepo, kwa kuwa chanjo husafirishwa kwenye baridi na haikai kwenye duka la dawa la kawaida ikikungoja. Ukiumwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

Viroboto: matone ya fipronil ya paka, nyuma ya shingo asipofika kwa ulimi. Mtoto mdogo chini ya wiki 8 mwoshe kwa sabuni laini na maji vuguvugu, mchane kwa chanuo la meno ya karibu, umkaushe vizuri. Visivyofaa ni vingi kuliko vinavyofaa. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na akijiramba huingia mapafuni. Dawa ya mbwa yenye permethrini humtia paka mtetemeko mpaka kufa. Josho la mbuzi na ng'ombe hali kadhalika. Mafuta makali ya mwarobaini nayo, pamoja na heshima zake zote pwani hii, yana sumu kwa paka.

Na parasetamoli. Kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumwua paka, hakuna nusu wala robo iliyo salama. Nalirudia hili kwa kila mtu kwa sababu wanaompa humpa kwa huruma.

Kumpa kidonge: tandaza kanga mezani, mkalishe katikati akikupa mgongo, vuta upande wa kulia upite chini ya kidevu, kisha wa kushoto juu yake, mpaka kibaki kichwa tu. Mkono wa kushoto ushike kichwa kwa juu, kidole gumba na cha kati vikikaa kwenye pembe za mdomo. Inua pua ielekee boriti. Taya la chini litalegea lenyewe. Kidonge, kilichopakwa samli kidogo, kiweke nyuma kabisa ya ulimi pale kwenye nundu, si mbele. Funga mdomo, papasa koo kuelekea chini. Akiramba pua amemeza. Mfuatishie kijiko cha maji au supu, maana kidonge kikikwama kwenye umio huuchoma. Fanya upesi bila kelele.

7. Kufunga uzazi

Jike anaweza kushika joto akiwa na miezi 4 au 5, na asiposhika mimba hurudia kila wiki mbili tatu, akilia usiku mpaka majirani wakujue. Mimba ni siku 63 hadi 65, watoto watatu hadi watano, na anaweza kupata nyingine angali ananyonyesha. Piga hesabu mwenyewe paka mmoja anafika wapi kwa mwaka. Wakati mzuri wa operesheni ni miezi 4 hadi 6, kabla ya joto la kwanza, na hapo pia unampunguzia sana uwezekano wa saratani ya matiti. Dume akihasiwa hupunguza kupigana na kunyunyiza mkojo ukutani. Majeraha ya kupigana ndiyo yanayoeneza ukimwi wa paka, ambao haumpati binadamu.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini. Wanazuoni wametofautiana, muulize unayemwamini, na unapomuuliza mweleze na hali ya watoto wanaokufa mitaroni, ili ajibu swali zima.

Mtoto asile saa chache tu kabla ya operesheni, kwa kadiri daktari atakavyosema, si usiku kucha. Baadaye mfungie ndani siku 10 hadi 14, tazama mshono kila asubuhi, na asipande dari.

8. Joto la kaskazi

Kati ya Desemba na Machi mpe sakafu tupu, maji mabakuli mawili, na njia ya kuingia ndani mchana. Paka haachami kinywa akihema kama mbwa. Ukimwona hivyo amezidiwa: mtoe juani, lowesha nyayo, tumbo na masikio kwa maji ya kawaida, si barafu, mpepee, mtafute daktari. Paka mweupe ana hatari nyingine. Ncha za masikio yake huungua jua, na kigaga kisichopona hapo mara nyingi ni mwanzo wa saratani. Saa za adhuhuri awe kivulini.

9. Dalili zisizongoja

Dume anayeingia na kutoka karaini, anajikamua, analia na mkojo hautoki. Njia imeziba, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Hii ndiyo ya kukodi boti usiku. Nyingine: kutokula saa 24 kwa mtoto au siku mbili kwa mkubwa, kutapika mfululizo, ufizi mweupe au wa manjano, pumzi zaidi ya 40 kwa dakika akiwa amelala, joto la mwili juu ya nyuzi 39.5. Vuta ngozi kati ya mabega na uiachilie: isiporudi upesi, amekaukiwa na maji.

Daktari akiwa Mokowe, ng'ambo ya bara, au mbele zaidi Malindi, paka asafiri ndani ya kikapu cha miyaa chenye kifuniko kilichofungwa kamba, kitambaa chini na kanga nyepesi juu. Akiwa mkononi mwako tu, injini ya boti ikiunguruma ataruka majini. Mlishe saa tatu nne kabla, si pale gatini.

Ukisafiri wewe bila yeye, usimfungie nyumbani na bakuli lililojaa, wala usiseme mtaa utamwona. Mwachie jirani mmoja kwa jina: pesa za samaki, pakiti ya chakula, daftari la chanjo, namba ya daktari, na ruhusa ya kuamua matibabu kama simu yako haipatikani.